Mwaka Niliotumwa Hoi An

Mama yangu alipofariki mwaka huu, kaka yangu Bakari alinipigia simu kutoka Tanga na hakunizungusha hata kidogo. "Hawa," alisema, "mama amefariki. Sasa hivi. Nimemfumba macho mimi mwenyewe." Hakusema mama amezidiwa. Hakuniambia nitafute ndege nije kumwona mgonjwa, nikaja kukuta turubai limeshafungwa uani. Mke wake alimlaumu, majirani walimlaumu, shangazi alisema mtoto huyu ana roho ngumu, mtu aliye ugenini hapewi msiba mkavu namna ile na hana wa kumshika. Ni kweli nilikuwa peke yangu jikoni, Yeoville, Johannesburg, na ni kweli nilikaa sakafuni hadi chungu kikaungua. Lakini mimi ndiye niliyemwapisha Bakari afanye hivyo, miaka mingi nyuma, naye aliapa huku akicheka kwa sababu mama alikuwa mzima, yupo ubavuni mwake anachambua mchele. Wanawake waliokuja kunipa pole waliniuliza kwa nini nilitaka kiapo kama kile, nami niliwapa jibu fupi tu. Jibu refu ni mwaka 2018, mwaka niliofanya kazi kwa Linh.

Ukoo wetu nauacha, na safari iliyonileta Johannesburg naiacha vilevile. Wengi wameipita njia ile na wanaijua. Naanzia kwenye chumba. Saluni ya kucha ya Linh ilikuwa Doornfontein, chini ya jengo lililokuwa na fundi kila mlango: fundi makochi, fundi viatu, Mkongo mmoja aliyeshona sare za walinzi. Nilikuwa nateremka kwa miguu kutoka Yeoville asubuhi, na kabla sijafika kwenye robot ya mwisho, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, nilishaanza kuisikia harufu ya asetoni puani, au labda haikuwa puani bali kwenye nguo zangu mwenyewe. Viti vilikuwa vinne, feni moja, kioo kirefu chenye ufa, na sanamu ndogo ya kobe ambayo Linh aliipangusa kila siku kabla ya kufungua. Wateja wetu wengi walikuwa wasichana wa chuo kilicho jirani. Linh alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, Mvietinamu aliyeletwa mjini na mume muuza vifaa vya simu, kisha mume akaenda zake na yeye akabaki. Alinifundisha kazi kwa kunishika vidole na kuviongoza, kama mtu anavyomfundisha mtoto kuandika. Mchana alipika wali kwenye sufuria ya umeme chini ya kaunta. Alipojua kwamba mimi ni Mwislamu hakuuliza maswali. Kesho yake alikuja na kikaango kipya, akakwaruza jina HAWA kwenye mpini kwa ncha ya tupa, na tangu siku hiyo nilikaangiwa yai langu humo, mbali na nyama yake ya nguruwe.

Jumapili tulifungua pia, kwa sababu wasichana walipenda kuja wakitoka kanisani. Na Jumapili, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Linh alimpigia simu mama yake. Nilikuwa sielewi neno hata moja, ila nilizoea mwimbo wa maneno yale, kupanda na kushuka, na vicheko vya mama mtu vilivyosikika mpaka kwenye kiti changu. Mwanzoni mwa mwaka ule vicheko vilikoma. Mama alipata kiharusi, Linh aliniambia, mdomo umepinda na hawezi kusema, na hataki kuonekana kwenye kamera. "Anaona aibu," alisema. "Mama yangu alikuwa mzuri sana." Basi ikawa Linh anazungumza peke yake. Kaka yake, Quang, anamwekea mama simu sikioni, na Linh anasimulia habari za wiki nzima huku tupa iko mkononi, ananyamaza kidogo mahali ambapo mama angecheka, kisha anaendelea. Mimi nilikuwa nafagia polepole siku hizo ili nisimsumbue.

Hakuweza kwenda nyumbani. Kibali chake kilikuwa kimekwisha zamani, na mtu wa hali yake akitoka tu, mpakani wanamfungia mlango kwa miaka. Saluni ile ndiyo iliyoilisha nyumba ya kwao. Mama mwenyewe, enzi bado anaweza kusema, alimkataza: usije mpaka karatasi zako zinyooke. Siku moja mwezi wa nane, umeme ulikuwa umekatwa na wateja hakuna, Linh aliniuliza ghafla, "Hawa, pasipoti yako na kibali chako bado vizima?"

"Vizima, dada. Kwa nini?"

"Nataka uende ukamwone mama yangu."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya giza tu, kama watu wanavyosema nikishinda bahati nasibu. Yeye hakucheka.

"Quang ananiambia anaendelea vizuri," alisema. "Daktari anasema vizuri. Wifi yangu anasema vizuri. Eish, kila mtu vizuri! Nataka mtu wangu mimi. Wewe nimekufundisha, mikono yako ni mikono yangu. Umkate kucha, umpake rangi. Ukishika mkono wa mtu utajua yukoje, hata asiposema. Halafu uje uniambie."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sijawahi kupanda ndege. Alinilipia tiketi ya mwezi wa kumi, mengine yote ilibidi nijibane. Nilikuwa naishi chumba kimoja na Mama Safi, msusi wa kutoka Bukavu, mwanamke mnene, mlokole, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Nilipomwambia alishika kiuno. "Weye Hawa, unaenda ku Vietnam kufanya nini? Kule njo kwenye bazungu balipiganaka?" Kisha akaenda sokoni akarudi na karanga na samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti, akanisindilia kwenye begi juu ya blanketi la sufi ambalo Linh alimnunulia mama yake. "Beba. Haujue chakula ya kule iko na nini ndani."

Alisema kweli bila kujua. Hoi An ni mji mdogo wa kale karibu na bahari, kuta zake za rangi ya manjano zimeota kuvu, mapaa ya vigae yameinama, na taa za karatasi na hariri zinaning'inia kila kibaraza. Watu wanatoka dunia nzima kuja kuutazama. Mimi niliutazama kwa njaa. Nililala kwenye bweni la wasafiri wa bei ya chini, kitanda cha juu, katikati ya vijana wa Kizungu wenye mabegi yaliyonuka unyevu, walionisalimia kwa ukarimu na kuniuliza kama mimi ni mwanamuziki. Asubuhi walitupa ndizi na kipande cha mkate bure, na baiskeli bure kwa anayewahi. Zaidi ya hapo kila harufu nzuri ya mjini ilikuwa na nguruwe ndani: tambi zao nguruwe, mikate yao mirefu nguruwe, hata mchuzi uliofanana na mchuzi wetu wa kuku ulichemshwa na mifupa yake. Kutwa ya kwanza nilitafuna karanga za Mama Safi nikiwa nimekaa ukingoni mwa mto. Ya pili niliona kibao kimeandikwa CHAY, nikashukuru Mungu, nikaingia na kuagiza kwa vidole viwili: chai, na kama kuna kitafunwa. Mwanamke aliyenyoa nywele akaniletea bakuli la wali, uyoga na vipande vyeupe vilivyotengenezwa kwa soya. Nikarudia: chai. Akatikisa kichwa kwa furaha na kuonyesha bakuli: chay. Ndipo nikaelewa, baada ya kuulizauliza, kwamba neno lile kwao ni chakula kisicho na nyama, cha watu wa dini. Nilikula kwa mwanamke yule kila siku. Hakuwahi kunipa chai.

Nilizunguka kwa miguu. Nyumba za kale zina tiketi, nikaishia kuchungulia milangoni. Niliona ukuta mmoja umechorwa mistari, na kando ya kila mstari mwaka, kuonyesha maji ya mafuriko yalifika wapi; mstari mmoja ulikuwa juu ya kichwa changu. Nilipita maduka ya cherehani, mengi kuliko niliyowahi kuona mtaa mmoja, na wasichana wakaniita "sister, dress, suti." Leo nikizikumbuka siku zile za mwanzo nashangaa zilivyokuwa nzuri. Nilikuwa mtalii. Sikuwahi kuwa hivyo kabla, wala sijawa tena.

Quang hakunipeleka kwake. Alinikaribisha kwenye kibanda cha kahawa, kwenye vile viti vyao vya plastiki vya kimo cha mtoto, yeye na mke wake Thu. Quang alikuwa fundi pikipiki, mkimya, kucha zake nyeusi kwa oili. Thu alishona nguo za watalii, kwa hiyo alikuwa na Kiingereza cha dukani, na ndiye aliyetafsiri. Alisema mama amepelekwa hospitali Da Nang, mji mkubwa wa jirani, wageni hawaruhusiwi, nisubiri. Nilimpa blanketi. Alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza mapajani na kulipapasa, na hakunitazama.

"Nitasubiri mpaka lini, wifi?" Nilimwita wifi kwa sababu ni wifi yake Linh, na nilimweleza maana yake. Alilirudia neno lile mara kadhaa kinywani, wifi, wifi, kisha akasema, "Kesho labda."

Kesho ikawa labda tena. Linh alinipigia kila siku. Umemwona? Bado, dada. Kwa nini bado? Wanasema hospitali, dada. Hospitali gani? Nilimuuliza Thu, Thu akamuuliza Quang, Quang akawasha sigara. Mimi sikuwa mtoto. Nilijua kuna jambo, ila nilijiambia pengine mgonjwa ana hali ya kutisha na wanamwonea haya, pengine wamemtelekeza mahali. Nilijiandaa kwa kila aibu ya familia isipokuwa ile iliyokuwepo.

Kisha mvua ikaja. Haikuwa kama ya Johannesburg inayopiga alasiri moja na kuondoka. Hii ilishuka bila hasira, kutwa, na kesho yake, na mto ukapanda ngazi za ukingoni taratibu kama mtu anayeijua nyumba. Watu wa mji hawakupiga kelele. Walitoa bidhaa madukani, wakapandisha juu, wakafunga boti ndogo kwenye nguzo za taa. Bweni letu lilikuwa bondeni. Meneja alituambia tukusanye mizigo, Wazungu wakaita magari ya kwenda Da Nang, na mimi nikabaki mlangoni na begi kichwani kwa sababu gari la kwenda popote sikuwa na uwezo nalo. Hapo ndipo nilipomwona Thu anakuja ndani ya maji mpaka mapajani, koti la plastiki la rangi ya waridi, ananipungia mkono.

"Twende nyumbani," alisema.

"Quang amesema?"

"Quang hajasema. Linh atasema nini nikikuacha hapa?"

Nyumba yao ilikuwa nyembamba na ndefu, ya ghorofa moja, mtaa wa nyuma. Maji yalikuwa yameshaingia sebuleni. Quang alikuwa amebeba friji mgongoni. Aliponiona alisimama kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa, kisha akaendelea kupanda. Hakukuwa na muda wa kukaribishana. Nilishika upande wa cherehani ya Thu, yeye akashika mwingine, tukapanda. Na juu, chumba cha kwanza, nikaona meza ndefu ya mbao nyekundu, machungwa kwenye sahani, kikombe cha chai, ubani unafuka, na picha ya mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe na uso wa Linh. Blanketi letu la sufi lilikuwa limekunjwa vizuri chini ya picha.

Nililitambua lile blanketi kabla sijamtambua mtu. Niliweka cherehani chini. Nikasema, "Inna lillahi," na Thu, ambaye hakuyajua maneno yale, alianza kulia.

Tulipomaliza kupandisha vitu hakukuwa na kazi nyingine ila kukaa na kusubiri maji. Quang alikaa dirishani. Mimi nilikuwa na mfuko wangu wa vifaa, tupa, mkasi, rangi tatu ambazo Linh alizichagua mwenyewe, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamvuta Thu mkono nikaanza kumkata kucha. Alikuwa na vidole vilivyotobolewa na sindano. Alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, kwa Kiingereza chake cha kupima watu mabega na viuno.

Alisema kiharusi kilikuwa kweli. Mama aliishi miezi miwili tu baada yake, akafariki mwezi wa nne, kitandani, kwenye chumba kilekile. Kabla mdomo haujafunga kabisa alimshika Quang na kumwambia: msimwite Linh. Akija hatarudi. Quang aliahidi. Baada ya mazishi alitaka kusema, akashindwa. Akasema tutasema wiki ijayo. Kisha mwezi ujao. "Halafu ikawa mbali sana," Thu alisema. "Tungemwambia nini? Kwamba kila Jumapili tulikuwa tunadanganya?"

"Na simu? Aliongea na nani kila Jumapili?"

Thu aliinua kidevu kuelekea kwenye picha. "Na mama. Quang anaiweka simu pale."

Sikumwelewa mpaka nilipoona kwa macho yangu. Jumapili maji yalikuwa yamepungua, yameacha tope kama uji kwenye sakafu ya chini, na tulikuwa juu tunakula wali na mayai mchana. Simu ya Quang iliita. Aliweka bakuli chini, akanawa mikono, akawasha ubani. Aliipokea simu, akasema maneno mawili matatu, akabonyeza sauti itoke nje, na akaisimamisha mezani ikiegemea sahani ya machungwa, imeelekea usoni pa mama yake. Kisha akakaa chini, miguu ameikunja, ameinamisha kichwa. Na sauti ya Linh ikajaa chumbani.

Ilikuwa sauti ninayoijua, ya asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Nilisikia feni nyuma yake. Alisimulia, akanyamaza mahali pale anaponyamaza, akaendelea. Thu alininong'oneza: anasema kuna joto, anasema jino lake limeng'olewa, halimsumbui tena, mama usiwe na wasiwasi. Anasema msichana wangu yuko huko, mpe mkono, usione haya, ana mkono mwepesi. Quang alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Nimewahi kufikiri kwamba mtu yule alikuwa mwongo. Sasa nikimkumbuka amekaa vile sijui nimwite nani.

Ghafla Linh akageukia Kiingereza. "Hawa! Uko hapo?"

Wote wawili walinitazama. "Nipo, dada."

"Uko naye?"

Nilitazama picha. "Niko mbele yake."

"Mikono yake ikoje?"

Quang alikuwa ameunganisha viganja vyake, ananiomba. Sikuweza kusema ni ya moto, sikuweza kusema ni ya baridi. Nilikulia mahali ambapo habari ya msiba inapelekwa na watu, mhusika anakalishwa, anapewa maji, kuna mtu nyuma yake wa kumdaka. Na yeye alikuwa peke yake Doornfontein, amesimama kwenye saluni yenye kioo na mikasi. Nikasema, "Dada, nikirudi nitakueleza yote. Kwa mdomo wangu, nimekaa mbele yako."

Nilisikia ameweka tupa chini. Feni tu.

"Sharp," alisema Linh, yaani sawa, kama wanavyosema Johannesburg. "Sharp, Hawa." Akamuaga mama yake kama kawaida, simu ikakata. Siku zilizobaki hakunipigia tena.

Quang alinisindikiza kituo cha basi kwa pikipiki. Kabla sijapanda alimwita Thu kwenye simu ili anitafsirie, kwa kuwa alitaka nimwelewe kabisa. "Anasema ukimwambia atakuja. Akija, mlango wa huko utafungwa. Anasema usimfikirie vibaya. Anasema fanya unavyoona." Nilimwambia Thu amjibu kwamba nimesikia.

Niliporudi, nilimweleza Mama Safi kabla sijafungua begi. Nilitaka kwenda kwa Linh saa ileile. Alinizuia mlangoni kwa mwili wake wote. "Hapana! Habaambiake mtu kilio akiwa peke yake, sawa vile unamwambia bei ya nyanya. Tutaenda wawili, tutabeba chakula. Bantu ba kwabo bako mbali, sisi njo famille yake." Akapika sombe, kisamvu cha kwao, na wali, akafunga kitambaa kichwani, tukateremka. Linh aliishi chumba cha juu ya saluni. Alifungua mlango, akanitazama mimi, akamtazama Mama Safi na chungu chake.

"Mama Safi hajawahi kuja kwangu," alisema.

Ndivyo alivyojua. Sikuwahi kulitamka lile neno. Mama Safi alitua chungu akamshika, Linh akawa mdogo kabisa kifuani pake, na alichouliza kwanza ni, "Lini?" Nikamwambia mwezi wa nne. Alijitoa mikononi mwa Mama Safi, akakaa kitandani, akawa anakumbuka kwa sauti, jambo moja baada ya jingine, mambo yote aliyomsimulia mama yake tangu mwezi huo. Friji iliyoharibika. Mchina aliyetaka kumuoa. Jino. "Nilimsimulia habari za jino langu," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Nilidhani hilo ndilo gumu na kwamba limepita. Tulirudi kazini. Linh alifunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, akamwekea mama yake machungwa karibu na kobe, na hakusema nami ila ya kazi: nipe pamba, mteja huyu gel, yule akriliki. Yai langu aliendelea kulikaanga. Siku moja, hakuna mteja, alisema bila kuinua macho, "Nilikuuliza mikono yake ikoje."

"Kaka yako alikuwa ananitazama, dada."

"Aliyekutuma ni mimi."

"Ulikuwa peke yako. Niliogopa."

"Nilikuwa peke yangu tangu mwezi wa nne," alisema Linh. "Hata wewe uliniacha naongea na picha. Wewe ulikuwa mtu wangu."

Mama Safi aliniambia nisiyaweke moyoni, huzuni inatafuta wa kumpiga. Nimezeeka kidogo sasa na bado sijui nani kati yake na Linh alikuwa sahihi. Najua tu kwamba jioni ileile, njiani kupanda Yeoville, nilimpigia Bakari nikamwapisha.

Quang alikuwa amekadiria vizuri. Kabla mwaka haujaisha Linh aliuza viti, feni na kioo chenye ufa kwa dada mmoja Mghana. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na Mama Safi. Ofisa alifungua pasipoti yake, akamwita mwenzake, wakamweleza kwa adabu kabisa kwamba akivuka pale hatarudi kwa miaka mingi, wakamuuliza kama anaelewa. Linh alisema anaelewa. Alinikumbatia kwa haraka, kama mtu anayebeba kitu kingine, akavuka. Kesho yake mimi sikuwa na kazi. Nilianza kuingia saluni moja hadi nyingine kuomba kiti.

Alinipigia siku chache baadaye, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa saluni mojawapo ya Yeoville, nasubiri mwenye nayo amalize mteja. Sauti yake ilikuwa imekauka, imekwaruza. Nyuma yake kulikuwa na kelele, watu wanazungumza wote kwa pamoja.

"Umefika salama, dada?"

"Nimefika. Tumegombana tangu asubuhi, mimi na Quang. Nimemtupia kiatu. Majirani wamekuja."

"Jamani! Na sasa?"

Nilimsikia Thu anamwita, na vyombo vinagongana.

"Sasa tunakula," alisema Linh.